Arosto siyo ya mateja peke yao

Haya, mnanisikia huko nyuma? Sogeeni basi, viti vipo, msikae mlangoni kama mnasubiri kukimbia. Shikamooni wakubwa wote, wadogo mambo zenu. Mi ni nesi, nimekaa wodini miaka 22, lakini leo sikuja kama nesi tu, nimekuja kama mtu aliyekula diazepam, kidonge cha kutuliza na kuleta usingizi, kila usiku miaka minne akaja kuiacha, na kuiacha kwenyewe kulinichukua mwaka mmoja na miezi minne. Nawatajia hiyo hesabu mapema kabisa, maana najua kuna mtu hapa kaja akitegemea nimpe njia ya wiki moja, huyo anywe soda yake asije akasema nimempotezea jioni.

Sasa hili neno arosto, yale mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea. Mkilisikia mnamuona teja kituoni kajikunja, makamasi yanatiririka, anaomba mia mbili. Hakuna anayemfikiria mama wa watu na ushungi wake, ana bahasha ya karatasi kwenye mkoba imeandikwa kwa peni ya bluu, alprazolam, 1x3, basi. Ile bahasha ikiisha Ijumaa na yeye yuko msibani Handeni, Jumapili mikono inamtetemeka mpaka chai inamwagika kwenye kisosi, moyo unakimbia, usingizi hamna, na hajui kwamba hiyo nayo ni arosto. Yeye anadhani presha, mumewe anadhani majini, shemeji anasema si niliwaambia huyu mgonjwa wa akili. Na niseme ukweli unaoniuma, teja siku hizi ana pa kwenda, Muhimbili walianza kutoa methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye heroini, mwaka 2011, anapangiwa dozi, anaangaliwa, akifika wakati wa kupunguziwa anapunguziwa taratibu. Mama wa bahasha anaambiwa acha tu, mbona ni vidonge vya usingizi.

Hivi vidonge vina ukoo wao. Diazepam, alprazolam, lorazepam, klonazepam, bromazepam, wote ndugu, benzodiazepini. Aliyeanzisha ni mkemia anaitwa Leo Sternbach, alikuwa na kampuni ya Roche kule Marekani, wa kwanza akaingia sokoni 1960, Valium ikafuata 1963, na dunia ikapenda haswa, mwaka 1978 Wamarekani peke yao walimeza vidonge vya Valium zaidi ya bilioni 2. Na dawa yenyewe sio shetani jamani, mtu akiwa kwenye degedege lisiloisha diazepam ndio inamuokoa, nimeichoma mwenyewe kwa mkono huu mara nyingi. Shida ni muda. Uingereza mwaka 1988 walishawaambia madaktari wao msizidishe wiki 2 mpaka 4. Wiki nne! Mi nilikuwa kwenye mwaka wa nne.

Ngoja niwaeleze inavyofanya kazi maana ukielewa hapa mengine yote yanajipanga. Ubongo una breki zake za kujituliza, kuna kitu kinaitwa GABA, kazi yake kupunguza kelele za mishipa ya fahamu. Kidonge hakiongezi breki mpya, kinakanyaga zile zile zako zishike zaidi. Siku za kwanza raha, gari linasimama vizuri. Miezi ikienda ubongo unasema ahaa, kumbe kuna mtu ananikanyagia, basi na mimi nilegeze, unazilegeza breki zake wenyewe. Sasa wewe siku moja unaamka umekasirika unatupa vidonge chooni, unajua umefanya nini? Umeshuka mteremko wa Kitonga na lori la mzigo huna breki. Wenye malori hapa wanajua Kitonga haishukwi hivyo, inashukwa na gia nzito, pole pole, na aliye nyuma yako akipiga honi mwache apige.

Na hatari sio kukosa usingizi tu. Ukiacha ghafla dozi uliyoizoea muda mrefu unaweza kuanguka kifafa wakati hujawahi kuwa na kifafa maisha yako yote, unaweza kuchanganyikiwa ukaona vitu havipo, watu wamekufa kwa hilo. Mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2020 ikaagiza onyo kali kabisa kuhusu hilo liwekwe kwenye maelezo ya dawa zote za ukoo huu. Kwahiyo aliyekaa hapa na anakula, tafadhali usitoke hapa ukaenda kuacha leo, na wala usianze kupunguza kabla hujaonana na daktari. Na anayeitumia kwa ajili ya kifafa, hii habari siyo yako kabisa, usiguse.

Mimi nilivyoingia? Zamu za usiku, alafu mume wangu akafariki, alafu usingizi ukakata. Daktari mmoja akaniandikia 5 mg siku kumi, zikaisha, nikaongeza mwenyewe, si naijua njia ya famasi, mwaka wa pili nikawa na 10 mg na ile raha hakuna tena, nilikuwa nameza ili niwe kawaida tu. Mara ya kwanza niliacha kwa ubabe. Siku mbili tatu nikajiona shujaa kwa sababu diazepam inakaa sana mwilini, siku ya tano sauti ya kijiko kwenye kikombe ikawa kama mtu ananigonga nyundo kichwani, taa inachoma macho, masikio yanalia kama nyenje, nikiangalia watoto wangu nawaona kama wako nyuma ya kioo. Siku ya saba nikarudi kwenye kidonge nikilia, na nikajiambia unaona, wewe ni mgonjwa, bila dawa huwezi.

Hapo ndipo nilipokosea, na hapa ndipo nataka mnisikilize kuliko pengine popote. Ile haikuwa ugonjwa wangu umerudi. Mimi ugonjwa wangu ulikuwa kuwaza na kukosa usingizi, lini niliwahi kuchomwa na taa? Lini masikio yaliwahi kulia nyenje? Ukipunguza dawa, ndani ya siku chache yakaja mambo ya mwili ambayo hukuwahi kuwa nayo, yanapanda yanashuka kama maji ya bahari, leo mbaya kesho nafuu, hayo mengi ni arosto, mwili unadai. Wasiwasi wako wa zamani ukirudi unakuja na sura yake ile ile unayoijua, taratibu, unakaa, haushuki wiki zinavyoenda. Vinaweza kuja vyote pamoja, sikatai, na ndio maana unatakiwa mtu wa kukuangalia, lakini watu wengi sana wanarudishwa kwenye dozi kubwa maisha yao yote kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba haya mawili ni vitu viwili.

Mara ya pili nikaenda kwa daktari wa akili, mzee mmoja mpole, akaniuliza una haraka gani? Akanichorea kwenye karatasi. Vidonge vya diazepam vipo vya 5 na vipo vya 2, kwahiyo ukivichanganya unapata ngazi: 5 na 2 na 2 ni 9, vinne vya 2 ni 8, 5 na 2 ni 7, na kuendelea. Kila ngazi nikakaa wiki nne. Nilipofika 5 akasema sasa tunashuka nusu miligramu nusu miligramu, nikabisha, mbona nimeshuka moja moja vizuri tu? Akanambia kutoka 10 kwenda 9 umeacha sehemu ya kumi, kutoka 2 kwenda 1 umeacha nusu ya ulichonacho, mwili hauhesabu vidonge unahesabu kilichobaki. Hicho mi na unesi wangu wote sikuwa nimekifikiria. Hata miongozo ya sasa ya Marekani inaongelea hivyo hivyo, anza na asilimia 5 mpaka 10 kila wiki 2 mpaka 4, na usizidishe 25 kwa wiki mbili.

Basi picha yangu ya miezi ile ni hii: meza ya jikoni, kisosi cheupe, kiwembe kipya, kidonge cha 2 mg nakigawa mara nne, ule unga unaobaki naukusanya kwa ncha ya kidole kama mtu anayekusanya dhahabu. Niliposhuka kwenda 7 ilikuwa ngumu nikakaa hapo wiki nane, daktari akasema kaa, hakuna anayekufukuza. Kusimama sawa, ila kupanda juu tena kila ukiyumba ndio kunakuchosha. Na wale wa leo nakula kesho sili, huko siko kupunguza, ni kuupa mwili arosto ndogo kila baada ya siku moja, hasa hizi za kutoka haraka, maana alprazolam baada ya saa kama 11 nusu yake imeshaondoka, diazepam inachukua siku moja, mbili, au zaidi. Kuna mama wa Kiingereza, Profesa Heather Ashton, aliendesha kliniki ya kuachisha hizi dawa kule Newcastle tangu 1982 mpaka 1994, na kazi kubwa aliyokuwa anafanya ni hiyo, kumhamisha mtu kwenye diazepam kwanza ndio amshushe. Lakini kuhamisha sio moja kwa moja, nusu miligramu ya alprazolam inakaribia 10 za diazepam, ukibahatisha mwenyewe utajiumiza.

Usiku je? Usiku ndio kesi. Saa tisa macho makavu. Nilichojifunza ni kutoka kitandani, usilale hapo unabishana na dari. Nilikuwa naenda jikoni nachambua mchele, taa ndogo, redio chini kabisa, mikono ina kazi na kichwa kinapata pa kutua, kuna wiki tulikula pilau mara tatu, watoto wakadhani nimepata hela. Moyo ukikimbia, pumua kama unapoza uji, unavuta kidogo kwa pua, unapuliza kirefu na taratibu, kirefu kuliko ulivyovuta. Kahawa niliiacha kabisa, na hivi vinywaji vya makopo vya kukimbiza moyo msiguse. Pombe ndio kabisa, inagonga mlango ule ule wa kidonge, utakuwa umehama nyumba ukabaki mtaa ule ule. Na ukichanganya hizi na pombe, au na heroini, au mtu yuko kwenye methadoni akaongeza kimya kimya, pumzi inaweza kukata usingizini.

Dua siikatazi, mi mwenyewe nilisomewa na nikafarijika. Ila kama shehe au mchungaji anakwambia tupa dawa uonyeshe imani, mwambie imani ninayo, na kidonge nitakimeza.

Maswali. Ndio, baba pale. Mama yake ana miaka 74, anakula 5 mg tangu 2009. Baba, kwanza usimnyang'anye. Wazee hizi zinawalegeza miguu, anaenda chooni usiku anaanguka, nyonga inavunjika, kwahiyo sababu ya kupunguza ipo tena nzito, na wazee wanaweza kuacha, ila kila ngazi yao ishuke kidogo zaidi na wewe ukae naye kwa daktari usimtume mjukuu.

Dada wa kijani? Ramadhani. Swali zuri, nilijua litakuja. Mtu wa alprazolam mara tatu kwa siku akifunga, saa kumi jioni arosto inamkuta wakati anakaanga sambusa, anagombana na nyumba nzima na watu wanasema swaumu imemshinda. Nenda kwa daktari miezi miwili kabla, sio usiku wa mwandamo, anaweza akakuhamishia kwenye inayokaa mwilini, daku na futari zikatosha. Na mwezi huo usishuke ngazi, kaa pale ulipo mpaka Idi. Anayekwambia ni lazima ufunge hata kama unaanguka, mlete hapa tuongee naye.

Wale wanaosafiri kwenda Ghuba kufanya kazi, kule hizi ni dawa za kudhibitiwa, msiweke kwenye begi bila vibali, na msiziache uwanja wa ndege ghafla. Kabla ya kusaini chochote uonane na daktari, ikibidi safari isogee.

Haya, naona mwenye ukumbi ananionyesha saa. Chai ipo hapo pembeni, chupa nyekundu ni kahawa, ya bluu ni tangawizi. Nadhani mnajua nani anywe ipi.