Chupa Iliyoganda Kwenye Friji ya Jirani

Asalaam aleikum wenyeji wetu wa hapa Islii, Nairobi, na hamjambo nyote mliotoka Kayole, Kawangware na Kitengela. Wahudumu wa afya ya jamii naona mmekaa nyuma. Sogeeni mbele, maana mengi ya leo yanawahusu nyinyi.

Nianze na kisa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa muuguzi katika kliniki ya kisukari hapa mjini, na alikuwa akija mama mmoja mkimbizi kutoka Somalia. Sukari yake ya damu ilikataa kushuka. Mwezi huu 18 kwa kipimo cha mmol/L, mwezi ujao 22. Binti yake wa darasa la sita ndiye aliyekuwa mkalimani. Tunauliza: mama, unajichoma sindano? Anajichoma. Chai unaweka sukari? Binti anainamisha kichwa: kidogo. Basi, mkosaji tukawa tumempata. Dozi ikaongezwa, ikaongezwa tena, nami kwa mkono wangu huu nikaandika kwenye faili: hafuati masharti.

Kumbe mama hana friji. Insulini yake, ile dawa ya sindano ya kushusha sukari, alikuwa akiiweka kwa jirani wa ghorofa ya juu, na yule jirani, kwa wema kabisa, aliisukuma nyuma, chini kidogo ya sehemu ya barafu, watoto wasiifikie. Ikawa inaganda usiku. Mama akiichukua asubuhi inayeyuka, anaiona maji kama kawaida. Insulini ikishaganda mara moja imeharibika, hata ikiyeyuka haifai tena. Kwa hiyo kila siku, asubuhi na jioni, mama yule alikuwa akijichoma dawa iliyokufa, bila kuruka hata siku moja.

Siku moja akafungua chupa mpya ambayo haikuwa imeganda. Akavuta ile dozi kubwa tuliyompandishia sisi. Usiku ule sukari ilianguka mpaka akapoteza fahamu. Binti alishtuka usingizini, akaita majirani, wakambeba hospitali. Alipona, alhamdulillahi. Lakini miezi yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza: mama, dawa yako inalala wapi?

Kisa hiki sijakiacha, kwa sababu mama yule alitii kila neno tulilomwambia. Alichokosa ni kile ambacho kingemwezesha kututilia shaka: kujua insulini inaharibikaje, na sukari ikigoma kushuka aanze kuchunguza wapi. Tulimpa amri tupu.

Pigeni hesabu pamoja nami. Mwaka una saa 8,760. Mgonjwa anayekuja kliniki kila baada ya miezi mitatu, akikaa nasi robo saa, kwa mwaka mzima tumekuwa naye saa moja. Zile saa 8,759 anajitibu mwenyewe. Kwa mkimbizi ni zaidi, kwa kuwa maisha yake hukatikakatika. Leo yuko kambini, kesho mjini. Nyumba anahama kodi ikipanda. Dawa aliyoizoea haipo, anapewa nyingine yenye jina jingine. Amri aliyopewa mwezi jana haimfai tena, na aliyempa amri hayupo wa kuulizwa.

Suala la joto linaonyesha vizuri jinsi elimu inavyomfungua mtu. Kule Dadaab, katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, sharti la friji liliwafunga wagonjwa: huna friji nyumbani, basi nenda hospitali kuchomwa, wengine zaidi ya mara moja kwa siku. Madaktari Wasio na Mipaka, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva, wakapima joto ndani ya nyumba za wakimbizi, wakakuta linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakaiweka insulini katika joto la namna hiyo maabara kwa wiki 4, na nguvu yake ikabaki sawa na ile iliyokaa kwenye baridi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Fikirieni maana yake kwa mama mwenye watoto watano!

Nairobi haina joto la Dadaab. Chupa uliyokwisha kuifungua itakaa vizuri chumbani kwa takriban wiki 4, mbali na jiko na dirisha la jua. Bandika plasta, andika tarehe uliyoifungua. Ambazo hujafungua ndizo za friji, nyuzi 2 mpaka 8, rafu ya katikati, zisikaribie barafu. Na ukimwachia jirani, mweleze kwa nini.

Sasa chakula. Tumezoea kusema "punguza wanga". Nani hapa anapika wanga? Mama anapika anjera, ile mikate myembamba ya Kisomali, bariis yaani wali, basta yaani tambi. Ndugu yetu wa Kongo anasonga fufu, ugali wa muhogo, anapika sombe, yaani kisamvu. Ukimwambia aache anjera ale mkate wa unga wa ngano nzima wa supamaketi, umemwambia aache nyumbani kwao mara ya pili, tena kwa bei asiyoiweza. Mimi siku hizi naomba sahani ya nyumbani kwao. Nusu tunajaza mboga, robo nyama, samaki au maharagwe, robo iliyobaki ndiyo ya wali au fufu. Ile chai ya shaah tunahesabu vijiko, vikombe vingapi kwa siku, halafu namwachia yeye aamue aanze kupunguza kikombe kipi. Akiamua mwenyewe, hudumu.

Stripu za kupimia sukari ni ghali, najua. Ukiwa na chache usizimalize zote asubuhi, maana utajua habari ya asubuhi tu. Leo pima kabla ya chakula cha mchana, na tena saa mbili baada yake. Siku nyingine fanya hivyo kwa chakula cha jioni. Hapo unaona mlo gani unakupandisha.

Sukari ikishuka chini ya 4, unatetemeka, jasho, maneno yanakwama. Kijana anayetembeza vitenge bila kula mchana akipatwa na hali hiyo njiani, watu humdhania mlevi. Abebe mfukoni sukari vijiko vitatu vidogo kwenye karatasi, aitie kwenye maji anywe, apumzike dakika 15, apime tena. Aliyezimia msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Kwa Ramadhani, njooni kabla Shaabani haijaisha tupange dozi za daku na futari. Kujitoboa kidole hakufunguzi saumu, masheikh wengi wamelieleza hilo. Ukiona chini ya 3.9 au zaidi ya 16.6, fungua. Na mwenye kisukari aina ya kwanza, yule ambaye mwili wake hautengenezi insulini, asiache kabisa insulini hata siku anayotapika na kushindwa kula. Dozi itapimwa upya, lakini haiachwi.

Wakalimani, nawasihi kitu kimoja. Mgonjwa akitikisa kichwa kukubali, usitafsiri "ameelewa". Mwombe akueleze kwa maneno yake atafanya nini akifika nyumbani. Na tusiwatwike watoto kazi hii. Yule binti wa darasa la sita alibeba ugonjwa wa mamake kwa lugha mbili, akiogopa kumwaibisha mbele yetu.

Nimeona mikono miwili imeinuka. Mama wa safu ya pili, najua unataka kuniuliza juu ya maziwa ya ngamia. Ni chakula kizuri, kunywa, ila usiache sindano kwa ajili yake. Haya, uliza. Na baada yako tutoe sahani na vijiko tulivyoleta, kila mtu apakue anavyopakua kwake.