Tuchonge kichwa cha Yohana Mbatizaji kwa alabasta

Karibuni tena mezani kwangu, hapa Nottingham, Uingereza. Leo tunachonga kichwa cha Yohana Mbatizaji kikiwa juu ya sinia. Mafundi wa mji huu walivichonga kwa wingi sana. Mwaka 1491 mchongaji Nicholas Hill alimshtaki wakala wake kwa sababu ya vichwa 58 alivyompa akauze. Vichwa hamsini na nane! Kwangu hiki kimoja kinakula wiki.

Jiwe letu ni alabasta, jamii ya jasi. Tazameni: napitisha ukucha, alama imebaki. Wale wa zamani walilipata Chellaston, karibu na Derby. Mkitaka vipande vilivyokwisha kukatwa ninavyo, ukubwa wa kiganja, niandikieni.

Vaeni barakoa. Choreni duara la sinia, ndani yake umbo la yai. Kateni pembe kwa msumeno, punguzeni kwa tupa. Haya, tumefika usoni.

Hapa tulieni. Patasi ilale. Iteleze juu ya jiwe, ikikwangua kidogo kidogo. Msiisimamishe wima mkagonga! Alabasta huvilia kama mwili uliopigwa: doa jeupe linajitokeza, na limezama ndani, kwa hiyo msasa haulitoi. Kichwa changu cha kwanza kilivilia katikati ya paji la uso, kazi ya siku tatu ikapotea kwa pigo moja. Patasi ilale.

Na doa la usoni halifichiki. Nywele na ndevu zilitiwa rangi au dhahabu, lakini uso aghalabu waliuacha mtupu, weupe wa jiwe ndio uwe ngozi. Mimi uamuzi huo naupenda kuliko dhahabu yote waliyotia.

Ngoja... ngoja kidogo. Nasogeza kamera. Mnauona mshipa huu mwekundu? Ni madini ya chuma, na unaelekea puani. Sikuuona nilipokuwa nachora. Basi nafuta, naugeuza uso kidogo, mshipa uangukie kwenye ndevu, ambako rangi itaufunika. Kagueni jiwe lenu kwenye mwanga kabla ya kuchora.

Tuendelee. Mashavu, mdomo uliofunguka kidogo, ndevu kwa mistari mirefu. Kope zimefumba: kwangueni kwa ncha, pumzi moja mstari mmoja. Na patasi? Ilale.

Msasa mkavu, wa kukwaruza kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi. Nawasha taa kwa pembeni. Mmeona? Mwanga umeingia kwenye ncha ya pua, kama nta.

Rangi wekeni kwenye nywele na ndevu tu. Wale mafundi wa zamani, kwenye paneli zao, yaani vibao vya alabasta vilivyochongwa picha, ardhi waliipaka kijani, wakatia maua ya nukta nyeupe kuzunguka nukta nyekundu. Jaribuni rangi kwenye kipande kibovu kwanza.

Kwa kutundika, wao walitoboa matundu mgongoni, wakashikiza waya kwa metali ya risasi iliyoyeyushwa. Nyumbani msiyeyushe risasi, mvuke wake ni sumu. Tieni waya kwa gundi ya mawe, muache usiku kucha.

Kikishika vumbi, brashi kavu inatosha. Msikioshe bombani, maji hulila jiwe hili taratibu, na kope ndizo zitakazotangulia kufutika.