Vuli Yetu Huanzia Sumatra

Shikamooni wazee wangu. Na nyinyi vijana wa mwalo, hamjambo.

Nyuma ya banda la mukene, wale dagaa wetu, kuna ukuta wenye mstari wa kahawia, unanifika kiunoni. Ziwa Victoria lilifika hapo Mei 2020, kipimo cha maji cha Jinja, Uganda, kikasoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964. Mwezi mmoja kabla, kisiwa cha mafunjo kiling'oka kikaelea hadi bwawa la umeme la Nalubaale, umeme ukazimika nchi nzima. Mnakumbuka. Mvua za masika ziliongeza, lakini ziwa lilikwisha kujazwa na vuli ya 2019, na vuli ile ilianzia pwani ya Sumatra, kisiwa cha Indonesia.

Kwa kawaida maji ya moto ya Bahari ya Hindi hulundikana upande wa Indonesia. Hewa hupanda huko na mvua hunyesha huko. Kwetu hewa hushuka ikiwa kavu. Mwaka ule kusi ilivuma kwa nguvu kando ya Sumatra, ikayasukuma maji ya juu, yakaibuka ya baridi kutoka chini. Bahari ilipopoa, mvua za huko zikakatika, na upepo wa ikweta ukageuka kuja huku, ukilisukuma joto upande wa Afrika, na mvua ikalifuata. Upepo ukichochea joto, joto likichochea upepo, miezi kadhaa. Wataalamu waliieleza hali hii mwaka 1999 na kuiita Dipoli ya Bahari ya Hindi. Vuli ya 1961, iliyoanza kulipandisha ziwa kuelekea rekodi ile ya zamani, ilikuwa ya namna hiyo hiyo.

Mzee mmoja ameniuliza: mtatabirije miezi mitatu, na redio inakosea mvua ya kesho? Swali la haki kabisa. Epua sufuria ya maji. Mvuke unapotea papo hapo, lakini ukitia kidole baada ya nusu saa, maji bado ni moto. Hewa husahau ndani ya wiki mbili hivi. Bahari hukumbuka: mita tatu tu za juu huhifadhi joto kama hewa yote iliyo juu yake.

Masika hayafungamani na bahari kwa nguvu hiyo, kwa hiyo utabiri wake ni mgumu zaidi, na sitawaahidi kitu. Lakini utabiri wa vuli hutoka mwishoni mwa Agosti. Mkisikia maji ya Sumatra yamepoa na ya upande wetu yamepata joto, vichanja vya mukene vihamishieni juu ya ule mstari kabla ya Oktoba.