Shangazi na zile siku tisa

MWAJU: Haya jamani karibuni, ni sisi wale wale, Mwaju hapa na kaka Fadhili. Leo tumepanga mambo matano ya kuangalia kabla hujaiweka programu ya afilieti kwenye websaiti yako, yaani ile ya duka kukulipa kamisheni mtu akinunua kupitia linki yako, nimeyaandika kabisa kwenye karatasi, sasa...

FADHILI: Dada, niache nianze na ya shangazi.

MWAJU: Nilijua tu. Anza.

FADHILI: Jumanne shangazi kanipigia. Mnamjua shangazi, ndiye msomaji wangu wa kwanza tangu websaiti ya cherehani ina kurasa tatu tu. Ananiambia mwanangu, ile cherehani uliyoisifia nimeshainunua, na nimepitia kwenye linki yako ili na wewe upate chochote. Nilifurahi aisee. Nafungua dashibodi, mbofyo upo, oda hakuna. Nikasema labda wanachelewa kuingiza, Jumatano hakuna, Alhamisi hakuna. Ndio nikamuuliza, kwani shangazi, ulibofya lini? Anasema Jumapili ile ya wiki nyingine, akafikiria, akampigia fundi wake wakashauriana, akafikiria tena, akanunua Jumanne. Siku tisa. Na kuki ya duka lile inakaa siku saba.

MWAJU: Duka gani?

FADHILI: Silitaji. Masharti waliyaandika, mimi ndio sikusoma mpaka chini, niliona asilimia 12 nikajiunga.

MWAJU: Kwa wageni, kuki ni ile alama inayobaki kwenye brauza ya mtu akishabofya linki yako, ndiyo inayoliambia duka huyu kaletwa na Fadhili. Ikiisha muda wake, mteja anahesabika kajileta mwenyewe. Ila kaka, nikuulize, hivi masharti yao yanaruhusu ndugu?

FADHILI: Ndugu vipi?

MWAJU: Programu nyingi haziruhusu ununue mwenyewe kwa linki yako, na nyingine zinakataa mpaka oda za ndugu na jamaa. Kwa hiyo hata angenunua siku ile ile, huenda isingehesabika.

FADHILI: Sawa, basi hela ya shangazi iacheni, siidai. Mimi kinachoniumiza ni kwamba shangazi nimemjua kwa sababu ana namba yangu ya simu. Wale wengine wasio na namba yangu je? Mtu hanunui cherehani kama anavyonunua kalamu, anakwenda anarudi, anauliza. Nina mashangazi wangapi pale wanaonunua siku ya nane, ya kumi, ya ishirini? Mwaka mzima nimekuwa nikidhani makala zangu haziuzi!

MWAJU: Hapo nakuelewa kabisa, hilo linauma.

FADHILI: Na siku saba ni afadhali. Amazon, ambao programu yao iko toka 1996, wanakupa saa 24. Shangazi katika saa 24 hajamaliza hata kusoma rangi zilizopo.

MWAJU: Lakini akiitia kwenye kikapu ndani ya hizo saa 24 una siku 90 za kusubiri akamilishe, hiyo watu wanaisahau.

FADHILI: Shangazi hatii kitu kwenye kikapu mpaka siku ya kulipa. Anasema kikapu ni ahadi.

MWAJU: (anacheka) Mwacheni shangazi jamani. Ngoja, alibofya kwa simu au kompyuta?

FADHILI: Mbofyo unaonyesha simu.

MWAJU: Na kununua?

FADHILI: Hilo sijamuuliza.

MWAJU: Si unaona? Kuki iko kwenye brauza ya simu. Kama alisoma kwa simu halafu kwenda kulipa akakaa kwenye kompyuta, duka halimjui, hata angenunua baada ya dakika kumi. Labda maduka yanayomtambua mteja kwa akaunti yake, na si programu zote zina hiyo. Kwa hiyo bado hujajua kama tatizo ni siku saba.

FADHILI: Kuna kingine amekisema nikakipuuza, eti kabla ya kulipa alitafuta kuponi.

MWAJU: Aaah!

FADHILI: Nini?

MWAJU: Kaka, programu nyingi zinalipa mbofyo wa mwisho. Wewe umeandika maneno elfu tatu, umepiga picha za sindano na bobini, mtu kashawishika, yuko kwenye ukurasa wa kulipia, anafungua tabu nyingine anaandika jina la duka na neno kuponi, anabofya pale, basi kamisheni imehama. Yule wa kuponi hajui hata cherehani inafungwaje uzi. Mwisho wa 2024 si kulikuwa na zile tuhuma dhidi ya Honey, kile kiongezi cha brauza cha PayPal, kwamba kinaweka kuki yake dakika ya mwisho juu ya za waliomleta mteja? Ndio kilio hicho hicho.

FADHILI: Kwa hiyo shangazi kaniponyoka kwa njia tatu.

MWAJU: Nne, ukiweka undugu.

FADHILI: Basi msimamo wangu ndio huu, na najua utapinga. Ukichagua programu, cha kwanza angalia kuki. Chini ya siku 30 kwa kitu ambacho watu wanakifikiria, usiweke. Halafu ndio uangalie asilimia.

MWAJU: Napinga. Cha kwanza ni kama msomaji wako atanunua pale. Mimi kwenye websaiti yangu ya maikrofoni niliwahi kuhama duka kubwa nikaenda kwa wenye siku 90 na asilimia nzuri. Watu wanabofya, wanafika, hawalijui lile duka, wanatoka. Kuki ya siku 90 kwa mtu ambaye harudi ni ya nini?

FADHILI: Hilo duka lilikuwa bovu tu.

MWAJU: Tupige hesabu basi. Kitu kimoja, bei moja, watu 100 wamebofya. Duka linaloaminika linakupa asilimia 4, wananunua 8. Nane mara nne, 32. Lile lako la kuki ndefu asilimia 12, wananunua 2. Ni 24. Mimi nimeshinda, na kuki yangu fupi.

FADHILI: Hao 2 umewahesabu ndani ya siku ngapi? Ongeza shangazi mmoja tu siku ya tisa, wanakuwa 3, tatu mara 12 ni 36. Nimekupita!

MWAJU: Umemwongeza wewe huyo.

FADHILI: Yupo! Kanipigia simu Jumanne!

MWAJU: Mashangazi wa kwangu wapo pia, nao wananunua kwenye duka wanalolijua. Ndio maana nasema angalia mapato kwa mbofyo, ile EPC, inajumlisha yote. Ila CJ, ule mtandao unaokusanya programu za maduka mengi, wanaihesabu kwa mibofyo 100, si mmoja, usije ukaona namba ukaruka.

FADHILI: EPC ya programu nzima ina watu wa kuponi ndani yake, dada. Wao wanamkamata mteja ameshatoa kadi, lazima namba yao iwe nzuri. Haisemi chochote kuhusu mimi ninayemfundisha mtu tangu mwanzo.

MWAJU: Inasema zaidi kuliko kuki.

FADHILI: Hapana.

MWAJU: Weka linki zote mbili kwenye makala moja miezi mitatu uone.

FADHILI: Nitaweka, lakini wanaochelewa kupita kuki ya duka langu hawataonekana, kwa hiyo hata jaribio lenyewe linakupendelea wewe.

MWAJU: Halikupendelei wewe, ndiyo unachosema.

FADHILI: Sikubali.

MWAJU: Na mimi sikubali. Jamani, naangalia saa hapa, tumebakiwa na dakika mbili na katika mambo matano sijasoma hata la kwanza. Nilitaka kusema habari ya oda zinazorudishwa na kamisheni kufutwa, kiwango cha chini cha kulipwa, na ile ya programu kubadilisha asilimia, maana Amazon Aprili 2020 samani zilitoka asilimia 8 zikawa 3 na kuna watu websaiti yao nzima ilikuwa samani...

FADHILI: Hiyo peke yake ni kipindi.

MWAJU: Haya, karatasi nimeikunja. Ila wewe mpigie shangazi.

FADHILI: Nimuulize nini?

MWAJU: Alilipia kwa simu au kompyuta.

FADHILI: Na akisema simu?

MWAJU: Basi ni siku saba au kuponi.

FADHILI: Ni siku saba.

MWAJU: Mpigie kwanza, Fadhili.