Mama, huyu si panya

Jamani habari zenu, na wakubwa shikamooni. Niko Valdivia, kusini mwa Chile. Huo mchirizo mnaousikia si mafuta ya chapati, ni mvua.

Juzi nilituma picha kwenye grupu la familia. Mama hakusoma hata maelezo: "Huyo panya anafanya nini mkononi mwa mtu?" Mjomba naye akashauri sumu. Basi leo tunyooshe mambo.

Mama, huyu si panya. Wenyeji wanamwita monito del monte, yaani kanyani ka porini, na nyani pia siye. Ni mnyama wa mfuko, jamaa ya kangaruu, lakini akishakua ana gramu 16 hadi 42 tu. Yai la kuku wa kisasa linamshinda uzito! Jike ana mfuko mdogo wenye chuchu nne, na watoto wakitoka humo hupanda mgongoni kwa mama yao. Kubebwa mgongoni mnakujua.

Sasa mtazameni mkia, hapo kwenye shina. Umenenepa, sivyo? Ni mafuta, kama kondoo wetu wa mkia. Anakula wadudu na matunda, anaweka akiba, halafu baridi ikikaza anajikunja kwenye kiota cha majani ya mianzi kilichofunikwa kuvumwani na kulala miezi. Mwili unapoa mpaka unakaribia ubaridi wa nje. Wakati mwingine wanalala kadhaa pamoja, wamebanana kama sisi kwa bibi wakati wa sikukuu.

Lakini kilichoniteka mimi ni ukoo wake. Mwaka 1982 mtafiti Frederick Szalay alichunguza mifupa ya kifundo cha mguu, akaona huyu anafanana zaidi na wanyama wa mfuko wa Australia kuliko majirani zake wa Amerika. Inawezekanaje? Zamani Amerika ya Kusini, Antaktika na Australia zilikuwa zimeshikana, na mabaki ya ukoo wake yamepatikana Antaktika kwenyewe, kule kwenye barafu! Ndugu wengine wote wa ukoo huo wameisha. Amebaki huyu, kwenye misitu hii ya mvua ya Chile na kipande cha Argentina.

Na ana kazi. Kuna mmea uitwao quintral, unaota juu ya matawi ya miti mingine na kuinyonya. Kanyani anameza tunda lake, mbegu inapita tumboni, inatoka na utelezi wake na kunata kwenye tawi. Katika misitu hii, mbegu isiyopita tumboni mwake haioti. Watafiti Guillermo Amico na Marcelo Aizen waliandika hayo mwaka 2000.

Ila msidhani huku anapendwa na wote. Ana sifa ya mkosi kama bundi kwetu, na zipo simulizi za watu waliochoma nyumba zao kisa kaonekana ndani. Kwa hiyo Mjomba, una wenzako.

Mama ameshaandika tena hapa: "Sawa, si panya. Analiwa?"