Ile Bahasha Mliyoiweka Kabatini

Shikamooni wazee wangu. Dada na kaka zangu, habari za jioni.

Nani hapa ameletewa nyumbani bahasha kama hii, ya kupima choo kutafuta dalili za saratani ya utumbo mpana? Naona mikono mingi. Haya, na nani bado anayo kabatini? Mnaangaliana. Basi leo tuizungumze.

Mimi ni muuguzi hapa England, kwenye chumba cha kamera, tunakochungulia utumbo mpana kupitia njia ya haja kubwa. Watu wetu wengi ninaowapokea wamechelewa, na si uzembe, ni aibu. Tumelelewa kwamba choo hakitajwi mbele za watu, sembuse kukitia kwenye kichupa na kukipeleka posta.

Kipimo hiki kinatafuta damu. Saratani ya utumbo mpana mara nyingi huanza na kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa utumbo, kiitwacho polipi. Polipi nyingi hazigeuki saratani, na inayogeuka huchukua miaka, mara nyingi kumi au zaidi. Njiani humo huweza kuvuja damu kidogo sana, jicho haliioni. Maabara huikamata kwa kingamwili zinazotambua hemoglobini (ile inayoipa damu wekundu) ya binadamu peke yake, ndiyo maana hamkatazwi nyama wala maini kabla ya kupima. Wakubwa wanakumbuka kile cha zamani cha kadibodi, cha kupaka choo cha siku tatu. Kile kilitumia utomvu wa mti unaogeuka buluu ukikutana na damu, na nyama nyekundu iliweza kuudanganya. Hata hivyo kiliokoa maisha. Utafiti wa Minnesota, Marekani, uliochapishwa 1993, ulifuatilia watu zaidi ya 46,000. Kwa waliopima kila mwaka, vifo vya saratani hii vilipungua kwa theluthi moja. Scotland ilihamia kipimo kipya 2017, England 2019. Sasa choo cha mara moja kinatosha.

Kuhusu kukichukua: tandika karatasi nyingi au tumia chombo safi, choo kisiguse maji ya sinki la choo. Kwangua juu juu, sehemu kadhaa, mpaka vifereji vya kijiti vifunikwe. Usijaze. Rudisha kijiti, funga mpaka usikie mlio, andika tarehe, peleka posta mapema. Mama mmoja aliniuliza habari ya najisi. Kichupa kikishafungwa hakivuji. Unatawadha kama siku zote.

Sasa hapa nawaomba utulivu, maana ndipo nilipoona watu wakiumia.

Kila kipimo kina mpaka wake. England ilipoanza 2019, mpaka uliwekwa mikrogramu 120 za hemoglobini kwa kila gramu ya kinyesi. Scotland iliweka 80. Ukiwa chini ya hapo, barua inakuambia huhitaji uchunguzi zaidi kwa sasa. Haisemi huna damu, wala haisemi huna saratani. Lakini nenda kwa daktari wako ukiwa na dalili, akupe kichupa kinachofanana na hiki hiki: mpaka anaoutazama yeye ni 10. Kumi! Kichupa kimoja, maswali mawili. Bahasha ya posta inauliza: kati ya mamilioni ya watu wasiolalamika chochote, nani aitwe kwanza kwenye kamera, kwa kuwa nafasi za kamera ni chache? Daktari anauliza: huyu anayelalamika mbele yangu, naweza kweli kumwacha aende?

Nimemhudumia mzee mmoja mwenye barua nzuri ya miezi kadhaa nyuma. Choo chake kilikuwa kimebadilika, nguo zinampwaya, damu anaiona. Akajiambia ni bawasiri, na barua ninayo. Aliitoa mfukoni akanionyesha, imekunjwa mara nne. Uvimbe ulikuwa umeziba karibu njia yote. Mpaka leo nikiona barua zile namkumbuka.

Kwa hiyo ukiona damu kwa macho yako, au choo kimebadilika wiki tatu na zaidi, au uzito unashuka bila sababu, au umeambiwa damu yako imepungua na haijulikani inakwenda wapi, nenda kwa daktari. Nenda hata kama ulipima wiki jana.

Na ukiitwa kwenye kamera, njoo. Wengi wanaoitwa hawakutwi na saratani. Wengine ni bawasiri, wengine tunawakuta na polipi na tunaiondoa palepale, ikawa imekwisha kabla ya kuwa ugonjwa. Waliokulia kando ya Ziwa Victoria wamwambie daktari pia, maana kichocho cha tumbo nacho hutoa damu.

(Bibi mmoja aliyekaa nyuma akauliza: “Mwanangu, mimi nina sabini na saba, mbona barua zimekoma?”)

Shikamoo bibi. Barua zinatumwa kuanzia miaka 50 hadi 74, kila baada ya miaka miwili. Ukivuka hapo hawakuandikii tena, lakini haki yako haikukoma. Unapiga simu wewe mwenyewe, unaomba, wanakuletea. Ukimaliza chai, njoo hapa mbele tuipige pamoja.