Zakayo Amekataa Kushuka

NJERI: Karibuni tena kipindini. Leo nilikuwa nimeandaa mambo matatu kuhusu kumchezea kiongozi shere bila kujiletea balaa, lakini Kiptoo anacheka peke yake tangu getini.

KIPTOO: Si ni mjomba! Yule wa Free Area, mwenye bakora. Jumanne tumepanda matatu ya Lanet. Kufika steji yake, makanga anapiga bodi ngumi mbili: "Zakayo shuka! Zakayo shuka!" Gari zima linaangua kicheko. Mzee hajongei.

NJERI: Kwa sababu ndilo jina lake.

KIPTOO: La ubatizo! Ananiuliza, "Huyu mtoto ameambiwa na nani jina langu?" Akakataa kushuka. Tumepitishwa hadi Lanet, nduthi ya kurudi mia moja, nimelipa mimi.

NJERI: Zakayo wa Injili ya Luka, yule mtoza ushuru, aliahidi kurudisha mara nne. Mjomba anadaiwa mia nne.

KIPTOO: Nimemwambia. Amesema hayo nimwambie yule mwingine.

NJERI: Ndiyo shida yangu na hilo jina. Mwaka wa 2023 ushuru wa VAT kwa mafuta ulitoka asilimia 8 hadi 16, tukamwita Rais Ruto Zakayo, tukacheka. Naye akalichukua jina, akalitania jukwaani. Mzaha ukawa wake. Sisi tulibaki kulipa.

KIPTOO: La, la. Wewe umekulia hapa Nakuru, Kabarak nyumbani kwa Moi ni hapo tu. Enzi za urais wake nani angeiga sauti yake hadharani? Mpaka Nyambane na wenzake wa kikundi cha vichekesho cha Redykyulass wakamwigiza kwenye runinga, mwisho wa miaka ya 90. Watu wakaona kumbe huyu naye huchekwa. Hofu ilipungua.

NJERI: Na KJ wa Redykyulass yuko wapi leo? Mbunge wa Dagoretti Kusini. Kwa tiketi ya UDA, 2022. Chama cha Zakayo!

KIPTOO: Huyo ni mtu mmoja. Juni 2024 vijana waliimba "Zakayo shuka" barabarani, na Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi haukutiwa sahihi.

NJERI: Haukutiwa sahihi kwa sababu watu walipigwa risasi, Kiptoo. Usiupe mzaha sifa ya marehemu.

KIPTOO: ...Sijasema hivyo.

NJERI: Umekaribia.

KIPTOO: Nasema walitoka nyumbani wakiwa wameshazoea kumcheka. Mtu unayemcheka humwogopi.

NJERI: Na mimi nasema mtu unayemcheka sana unaanza kumzoea. Hata kumpenda.

KIPTOO: Mjomba hampendi.

NJERI: Mjomba hajalipa mia nne.

KIPTOO: Hapo sirudi nyuma.

NJERI: Wala mimi. Haya, naoneshwa vidole viwili, dakika mbili. Yale mambo matatu...

KIPTOO: La kwanza?

NJERI: La kwanza lina maelezo marefu. Acha tu. Simu yako inalia.

KIPTOO: Ni yeye. Ati yuko kwenye matatu, makanga ni yuleyule.